Mjane wa Eda Amefungua Mlango, Nami Nimesema Iko Sawa

Mpendwa Bi Severa,

Shikamoo, ikiwa umenizidi umri. Na ikiwa hujanizidi, pokea salamu zangu za heshima. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi watu wa tamthilia wanafungasha vyombo vyao na kuondoka nyumbani kwetu, na jambo ambalo halitakuwa limesemwa mpaka siku hiyo halitasemeka tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Mchafukoge katika nyumba ileile niliyozaliwa, juu ya duka lililofunguliwa na babu yangu alipokuja kutoka Arabuni. Mtoto wa kaka yangu, Yasser, anatengeneza tamthilia ya upelelezi ya televisheni, hadithi ya Kariakoo ya mwaka 1962, ambamo mfanyabiashara wa vitambaa anakutwa amekufa ghalani kwake na inspekta wa polisi anatafuta ni nani aliyemuua, na kwa kuwa nyumba yetu bado ina milango ya zamani na vyumba vinavyofuatana kwa mapazia, Yasser aliniomba wapige picha humu, akaniomba pia niwe mshauri wao wa mambo ya kale, jina langu litokee mwishoni mwa kila sehemu, maana mwaka huo mimi nilikuwapo, nilikuwa na miaka saba, na nyumba hii nilikuwa nikiijua kwa nyayo.

Nilikubali, na kazi hiyo niliifanya kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Nilitoa viti vya plastiki, nilitoa ndoo za plastiki zikaja za bati, nilikataza kamera isielekezwe upande wa soko kwa sababu jengo la soko tunalolijua leo lilikuwa bado halijajengwa, nikakataa mabuibui waliyokuja nayo, yenye vifungo vya kumetameta, mpaka yakashonwa ya siku zile, yale ya kufunga kichwani kwa utepe. Siku moja vijana wawili walikutana mlangoni mbele ya kamera, mmoja akasema "Mambo?" na mwenziwe akajibu "Poa," nami nikasimamisha kazi.

"Shangazi, watazamaji wa leo tutawavutaje?" Yasser akaniuliza.

"Wavute kwa hadithi yako," nikamjibu. "Hawa wasalimiane kama watu wa mwaka wao. Rudieni."

"Jamani, shangazi huyu!" akasema Aaron, kijana anayeigiza inspekta, huku akiivuta kaptula yake ya kipolisi iliyombana mapajani. "Mimi nimekuja kumtafuta muuaji, kumbe muuaji mwenyewe yuko hapa, anatumaliza mmoja mmoja."

Walicheka wote, nami nilicheka. Nilikuwa na furaha, Bi Severa, sitakuficha.

Lakini kwa kila kosa nililoliondoa, nyumba ilirudi nyuma kidogo. Leo kikitoka kiti, kesho kinaingia kitanda cha besera chenye nguzo nne, keshokutwa inaletwa redio ya mbao kama ile ya baba, na pazia la chumba cha nyuma likashonwa upya kwa maelezo yangu mwenyewe, la maua madogo ya buluu, mpaka alasiri moja nikaamka usingizini, nikatoka chumbani kwangu nikiwa bado mzito wa usingizi, na sikuujua mwaka. Mwanga ulikuwa umelala sakafuni pale ulipokuwa ukilala zamani. Honi ya mwendokasi ilisikika kutoka upande wa Gerezani, nami nikajiuliza ni mnyama gani huyo. Nilisimama nimeshika ukuta, nikingoja mtu aniite kwa jina la utotoni, na nilijua kwamba nikilipita lile pazia nitamkuta mama yangu amekaa eda.

Maana ndio mwaka aliofariki baba yangu. Aliugua homa, hakuna aliyemuua, usije ukafikiri tamthilia hii ni yetu. Mama aliingia eda katika chumba kile cha nyuma, na sisi watoto tuliambiwa na wakubwa: "Mama yenu yuko eda. Msimsumbue. Hasemi." Nami nilikuwa mtoto mtiifu, nilikaa upande wa nje wa pazia, chini, mkekani, nikimsimulia kwa sauti ndogo mambo ya chuoni kwetu kwa Kurani na ya paka wa jirani, na kutoka ndani hakikurudi kitu ila pumzi, na mara nyingine hata pumzi sikuisikia, nikainua pindo la pazia na kumwona ameelekea ukutani. Miezi yote ya eda sikusikia sauti yake. Eda ilipokwisha alitoka, akaoga, akavaa, akaniita jina langu kana kwamba aliniita jana, na hakuna aliyeizungumzia tena miezi ile, wala mimi sikuuliza, mpaka akafariki nikiwa mtu mzima mwenye nywele nyeupe.

Sasa nakuja kwenye lililonileta kwako. Katika hadithi ya Yasser kuna mjane, Zuwena, mke wa yule mfanyabiashara aliyeuawa, na anayemwigiza ni binti mmoja mpole aitwaye Joyceline. Siku ilipofika zamu yake, walitumia chumba kilekile cha nyuma. Inspekta anabisha hodi. Mjane anainuka, anavuta pazia, anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, kichwa wazi, hereni masikioni, wanja machoni, anasema, "Karibu ndani. Nilikuwa nakusubiri," kisha anaketi uso kwa uso na mwanamume wa nje na kumweleza yote aliyoyaona usiku wa kifo cha mumewe. Mjane! Wa eda! Mwaka 1962! Mimi niliyesimamisha kazi kwa ajili ya neno "poa"!

Yasser alinigeukia. "Shangazi, iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa."

Joyceline mwenyewe alisita. "Bibi, hata hereni?"

"Hata hereni," nikasema.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya bega la inspekta, na yule binti alipofungua mlango macho yake yalimpita Aaron yakanifikia mimi, na maneno yale, nilikuwa nakusubiri, yalikuja moja kwa moja mahali nilipoketi, nami nilikuwa na miaka sabini na wakati huohuo nilikuwa na miaka saba, na mlango ulikuwa umefunguka.

Tangu siku hiyo kila alasiri namwomba Yasser anionyeshe kipande hicho katika kioo chake kidogo cha kutazamia picha. Nasema ninakagua. Sikagui. Nikilala naota mama anafungua mlango, na sasa katika ndoto anavaa hereni, naye ana masikio ya Joyceline, na nikiamka najaribu kuyakumbuka masikio ya mama yangu mwenyewe na siyaoni. Hilo linanitisha kuliko kifo.

Nikisema ukweli, nitaiharibu kazi ya mtoto wa kaka yangu, kazi yake ya kwanza kubwa, maana ameniambia wazi, "Hapo ndipo inspekta anapomjua muuaji, shangazi, ukiitoa hiyo hatuna tamthilia," nami pia nitampoteza yule anayenifungulia mlango. Nikinyamaza, jina langu litasimama chini ya uongo, na wanawake wa Mchafukoge waliokaa eda zao kwa heshima watamwona mjane ameketi kichwa wazi na mwanamume wa nje ndani ya nyumba ya mama yangu, wasome kwamba Mwalimu Mauza ndiye aliyesema mambo yalikuwa hivyo, na mjane wa eda alikuwa hasemi, mimi ni shahidi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mauza, Mchafukoge

*

Marahaba, Mwalimu Mauza. Nimekuzidi umri, tena si kidogo, kwa hiyo utavumilia nikikukaripia. Na kwa kuwa ulikuwa mwalimu, nianze na hili: sentensi zako hazina mahali pa kupumulia. Nimezisoma mara mbili nikakusamehe, kwa sababu nimeona zilikotoka.

Pole sana. Kumngoja mama nyuma ya pazia si jambo dogo, na aliyemngoja akiwa na miaka saba haachi kumngoja kwa sababu tu amestaafu. Nimekuelewa. Lakini kukuelewa hakunizuii kukuambia kwamba umekosa.

Umewatesa watoto wa watu kwa viti na vifungo. Umewashonesha mabuibui upya. Kisha limekuja kosa kubwa kuliko yote, ukaulizwa mara mbili, na mkubwa na mdogo, nawe ukajibu "iko sawa." Yule binti alikuuliza mpaka hereni! Alihisi kwamba kuna jambo, akakupa nafasi ya pili, ukaikataa. Usimtwishe Yasser kosa hili. Yeye hakuwapo mwaka 1962, ndiyo sababu alikuomba wewe. Mshauri anayesahihisha ndoo akaacha kumsahihisha mjane ameifanya kazi nyepesi akaiacha ile aliyoitiwa.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo hukuniuliza, kwa sababu hujui kuwa ni kosa, nalo ni lako wewe.

Ni nani aliyekuambia kwamba mjane wa eda hasemi?

Mimi ni Mkatoliki, wazazi wangu walitoka Kilimanjaro, lakini nimekulia Kariakoo, nyuma ya duka la baba yangu la maharage, na ukuta wetu ulikuwa mmoja na wa jirani yetu Mwarabu. Mumewe alipofariki, mama yangu alikuwa akinituma kwake na bakuli la chakula kila mchana. Yule bibi alikaa eda yake sawasawa. Hakuvaa dhahabu, hakujifukiza udi, hakutoka nje, na mwanamume wa kando hakumwona hata kucha. Lakini kusema? Alisema! Siku moja nilimkuta nyuma ya pazia lake anagombana na mchuuzi aliyeleta samaki kutoka Feri, mchuuzi kasimama barazani na kapu lake, na shemeji yake bibi kasimama katikati.

"Kolekole huyu alikufa kabla ya marehemu mume wangu!" anasema bibi kutoka ndani.

"Lakini bi mkubwa, hujamwona hata macho, umejuaje?"

"Nina pua, baba. Eda haikunitoa pua. Mrudishe huyo, lete mwingine."

Shemeji yake aligeukia ukutani asionekane akicheka. Mimi nililimwaga bakuli.

Sikutaka kutegemea kumbukumbu yangu peke yake, maana yako imetupotosha tayari. Nilimwuliza mwalimu wa dini wa mtaani kwetu, naye akanieleza kwa subira kwamba eda inamtaka mjane akae nyumbani mwake, aache mapambo na manukato, na asiposwe. Kuongea kwa haja hakukatazwi, na kumweleza polisi ni nani aliyemuua mumeo ni haja, kama kuna haja yoyote duniani. Pazia lilikuwa desturi ya nyumba nyingi, nyumba nyingine zikikaza zaidi ya nyingine. Lakini nyumba iliyomkataza mama asiongee na mtoto wake wa kumzaa hakuijua, na mimi siijui.

Kwa hiyo, Mauza, eda haikumfunga mama yako mdomo. Huzuni ndiyo iliyomfunga. Alikuwa mwanamke kijana aliyefiwa, akaelekea ukutani, akashindwa. Wakubwa wa nyumba waliliona hilo, nao hawakuweza kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba mama yake ameshindwa hata kuitika, wakaona heri wakuambie ni desturi. Mtoto akiambiwa ni desturi hulala. Walikufanyia wema. Tatizo ni kwamba ule wema umeutunza miaka yote hii na kuuita historia, na ulikuwa tayari kuutolea ushahidi mbele ya nchi nzima. Mama yako hakunyamaza kwa amri ya mtu. Wala hakunyamaza kwa sababu yako. Lisome tena hilo kabla hujaendelea na haya yanayofuata.

Umelisoma? Basi sikiliza la kufanya.

Ongea na Yasser leo, kabla hajapanga kazi za kesho. Usimzunguke kwa hadithi ndefu. Mwambie: "Niliposema iko sawa, haikuwa sawa, na nilijua." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, atakuwa amepoteza kazi ya siku nzima kwa sababu yako. Akimaliza kulalamika, mwambie hakuna hata neno moja la hadithi yake litakalopotea. Hodi inabishwa. Anayefungua ni kaka wa mjane. Inspekta anaketi nje ya pazia, kofia mapajani, na mjane anasema kutoka ndani maneno yaleyale aliyoyasema, yote. Hereni zivuliwe, wanja ufutwe, kanga ikae kichwani hata kama kamera haimwoni, maana Joyceline mwenyewe atajua kuwa amevaa, na sauti yake itajua pia.

Tena mwambie jambo ambalo nashangaa kwamba mtengenezaji wa hadithi za upelelezi hakuliona mapema. Inspekta asiyemwona shahidi wake atalazimika kusikiliza. Atasikia pale sauti inapotetemeka, atasikia pale inapopita haraka juu ya jina la mtu. Na mtazamaji aliyekaa nyumbani naye atasogea mbele ya kiti. Yasser anafikiri ukweli utaiangusha tamthilia yake. Ajaribu mara moja tu aone.

Kisha uache kuomba kile kioo kidogo. Kipande cha zamani na kifutwe, nawe usiombe nakala. Joyceline ni mtoto wa watu aliyekuja kazini. Usimvike umama wako bila yeye kujua, utamlemea. Kuhusu masikio ya mama yako, simama mbele ya kioo, kile kikubwa cha ukutani, usogeze mtandio. Watu wa ukoo mmoja hawaachani mbali sana kwa masikio. Ukiona hayafanani, uliza ndugu zako. Yupo atakayekuambia umechukua ya baba.

Najua kuna wazo litakalokujia, maana ningekuwa wewe lingenijia: kwamba ile sauti ya nyuma ya pazia uiseme wewe. Usithubutu. Hiyo ni kazi ya Joyceline, na wewe katika chumba kile hukuwa upande wa ndani. Omba jambo moja tu, nalo Yasser hatakunyima: siku ya kurudia, wakutandikie mkeka upande wa nje, chini, nyuma ya kiti cha inspekta ambapo kamera haifiki. Kaa pale. Usiinue pindo. Safari hii kutoka ndani itakuja sauti, nayo itaanza kwa kusema kwamba ilikuwa inasubiri.

Ukitaka kulia, lia. Lakini ngoja Yasser aseme "Kata," usije ukawaharibia kazi mara ya pili.

Bi Severa